Kwa Wifi Yangu Kutoka Kyela

Bupe, karibu Tukuyu,
mji unaofuliwa kila siku na hauanikwi.
Mimi ni wifi yako, sina sukari mdomoni,
lakini nyumba uliyoolewa naijua hata gizani:
mlango wa jikoni uinue kidogo ndipo uusukume,
na bati la tatu juu ya kitanda linavuja.
Kinga kwa sufuria, usikinge kwa ndoo.
Sufuria hulia mapema, utaamka.

Nguo fua asubuhi hata anga likinuna.
Mtoto akija, nepi zake zikae mbele, juu ya mafiga,
suruali za Asajile nyuma kabisa;
yeye mtu mzima, atavumilia kunuka moshi.
Viatu vya shule vya Lusajo vishindilie magazeti,
na kabla hujalala uyabadilishe.
Atakwambia ameshayabadilisha. Gusa mwenyewe.

Maharage yaloweke tangu jioni.
Huku juu hayana haraka,
si kama kwenu ziwani ambako jua lenyewe ni jiko.
Yachemshe nusu saa yatokote kwelikweli, funika,
viringisha sufuria kwa majani makavu ya mgomba
na lile blanketi la mama lenye tundu,
tia kikapuni, nenda zako shambani.
Ukirudi yameiva,
na mkaa wako bado uko guniani.

Viazi vikae gizani, mbali na vitunguu.
Kilichogeuka kijani usimpe mtu, hata mgeni usiyempenda.
Parachichi nunua likiwa gumu kama ngumi;
ukingoja laini utalipa bei ya msafiri.

Jiko la mkaa lisilale ndani.

Hili sikuandikii kama hayo mengine.
Julai moja baridi iliuma mpaka meno,
mama akaliingiza chumbani tulale vizuri,
akafunga dirisha, akaziba nyufa kwa khanga.
Alitupenda, ndiyo maana aliziba sana.
Asubuhi nilitapika. Asajile alitapika.
Tumpe hakutapika.
Alikuwa na miaka mitatu
na soksi mbili zisizofanana.

Asajile hatakusimulia.
Ukimwona anaamka usiku wa manane
kufungua dirisha, na ukungu unaingia,
usimwulize. Jifunike tu.

Haya.
Sabuni ya mche ikate vipande,
ikauke wiki nzima juu ya kabati;
iliyokauka haiishi upesi.
Hisa ya kikoba toa Alhamisi
kabla hujanunua hata kiberiti,
maana noti ikishavunjwa huota miguu.
Majivu chekecha, changanya na maharage ya mbegu,
bungo atafute kwa kwenda.
Na ule mchele wenu wenye harufu
usiwaonyeshe mashangazi.
Watapita "kukusalimia tu", saa saba mchana, watatu.
Wapikie ndizi. Ndizi zipo.

Kaka yangu si mvivu, ni msahaulifu wa makusudi.
Usimwambie "maji yameisha".
Mpe ndoo mkononi, kisha nyamaza.
Ukianza kueleza, utaeleza mpaka uzee.

Na kula umekaa, Bupe.
Mama yetu nilimjua miaka ishirini na sita
sikuwahi kuona kiti chake.
Alikula amesimama, mgongo kwa moto,
ukoko, na mchuzi wa kuifutia sufuria,
akisema ameshiba kwa harufu.
Tulimwamini. Watoto huamini lolote lenye shibe.
Wewe jipakulie ya moto, vuta kigoda,
mtoto akilia, alie kidogo,
atajua mama yake naye ana mdomo.

La mwisho: lile chekeche la unga
linaloning'inia nyuma ya mlango ni langu.
Nililinunua kwa fedha yangu ya kwanza ya chai,
nikaolewa nikalisahau.
Litumie. Likining'inia tu litashika kutu.
Ila siku nikija
nitalitazama hilo kwanza,
kisha nitakusalimia.