Rangi Isiyong'aa

Kwa Murtaza, Mwembe Tayari, nilipewa kitabu cha rangi:
maziwa, ganda la yai, pembe, theluji —
theluji, Mombasa, mwezi wa Januari,
na mimi jasho lanitiririka ndani ya buibui.
"Hii," akasema, "haipitishi tone. Dhamana miaka kumi.
Ukiiosha kwa sabuni yang'aa kama sahani."
Nikamrudishia kitabu chake.

Hiyo naijua.
Ndiyo aliyoipaka kaka yangu Shekue kabla ya kurudi Jeddah,
nyumba ya mama ikawaka mtaa mzima wa Kibokoni,
watoto wakaja kujitazama ukutani.
Masika ya pili, rangi ikafura malengelenge
kama mkono uliomwagikiwa uji.
Nikabonyeza moja: likatema maji.
Maji ya wapi? Paa halivuji. Bomba halipiti hapo.

Fundi Chengo aligonga ukuta kwa mpini wa mwiko,
akatega sikio.
"Mawe haya ni matumbawe, bibiye. Yalizaliwa majini.
Hunywa kutoka chini, kidogo kidogo, kila siku,
na zamani yakitoa jasho kwa ngozi yao.
Nyinyi mmeyavisha koti la mvua, vifungo hadi shingoni.
Sasa jasho liende wapi? Laja kwenu ndani."

Lilikuja.
Lilikula jalada la msahafu kwenye zidaka,
likapita nyuma ya kabati, doti za mama zisizokatwa
zikaota madoa kama pilipili manga,
likapanda hadi ncha ya boriti iliyozama ukutani
(ukiidunga kisu, ni haluwa).
Na chumvi: kila asubuhi nafagia chumvi ya ukuta,
kesho iko, nafagia.
Mimi niliyelelewa na ile methali ya ufa!
Nimeziba. Nimeziba barabara. Na bado najenga ukuta.

Basi siku kumi na tisa za kukwangua.
Chini ya theluji ya Shekue, waridi; chini ya waridi,
kijani cha majani ya mbaazi; na chini kabisa
buluu, na hapo nikakaa kwenye ngazi:
mama akikoroga nili ya kufulia ndani ya ndoo ya chokaa,
wiki ya harusi ya Mwanakombo, kiwiko hadi kucha buluu,
akiniambia nisiguse, huchoma.

Chengo alizima chokaa kabla ya Ramadhani,
pipa likachemka bila moto.
Akaifunika. Akaniacha nilalamike hadi Mfungo Tatu.
Ndipo akaupa ukuta maji kwanza, "unywe ushibe",
akapaka nyepesi, nyepesi kama tui la pili.
Hakuna nilichokiona. Kijivu kilicholowa.
Usiku nilihesabu pesa zangu kwa vidole, nikalala vibaya.
Alfajiri ukuta ulikuwa mweupe wenyewe,
weupe wa kutoka ndani, kama mtu aliyepona homa.

Shekue alitazama kwenye simu. "Mbona haing'ai?"
Sikumjibu. Na kweli ina makosa yake:
ukiiegemea, bega la kanzu lapata unga,
na kila baada ya miaka mitatu minne
itataka tena tui lake.

Chini ya ngazi limebaki doa la unyevu, kubwa kama sinia.
Kila Ijumaa nalizungushia mstari wa penseli
na tarehe pembeni, kama wapimwavyo watoto
kwenye mwimo wa mlango.
Mtoto huyu akua kinyumenyume.
Juma lililopita, upana wa kidole.
Leo bado sijashuka kutazama.