Saa Kumi za Kutoona

Nimeichapa kwa Fakihi wa stesheneri, Chikongola,
kurasa kumi na nane, mia mbili kila ukurasa:
Rasimu ya Marekebisho, Leseni ya Rubani Binafsi.
Kifungu cha saba kinasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kula:
"Mwanafunzi ataruka saa kumi, badala ya tano,
kwa kutegemea vipimo pekee."
Maoni yapokelewe kabla ya tarehe thelathini.

Mimi karani wa ghala la ushirika.
Hesabu zangu ni za magunia.
Saa moja angani ni magunia mawili na nusu, daraja la kwanza,
na malipo ya mnada wa tatu bado "yanashughulikiwa".
Saa tano za nyongeza: magunia kumi na mawili na nusu,
mikorosho ya mama kule Kitangari,
ile aliyorithi na ile aliyoigombania mpaka barazani.
Mama hakijui kifungu cha saba.
Anajua mti upi umeingiwa na ubwiri unga.

Nikashika kalamu nyekundu. Pembeni nikaandika HAPANA.
Nikaandika: chombo cha kujifunzia ardhini kiko Dar,
na nauli ya kukifuata haimo katika rasimu.
Nikaandika: anayeruka mchana na kurudi kabla ya alasiri
ana biashara gani na giza?

Kisha mkono ukagoma.

Maana ilikuwa Julai, asubuhi,
na Mwalimu Hokororo, aliyewahi kumwaga salfa mashambani kwa ndege
(hadi leo akikohoa unasikia mikorosho),
alinivisha ile kofia ya ukingo mrefu
inayomeza dirisha lote
na kukuachia vipimo sita mbele ya magoti.
"Haya, Somoe. Dunia imefungwa. Tuliza mabawa."

Nikatuliza. Ningeapa nimetuliza.
Sikio liliniambia tuko sawa kama maji ndooni.
Makalio yakasema sawa. Moyo nao, sawa.
Kipimo kikasema: unalalia kushoto, binti,
na bado unakwenda.
Nikaliamini sikio. Ni langu, nimezaliwa nalo;
kile kipimo kina ufa kiooni na kibandiko cha fundi.
Mwalimu hakunena. Alihesabu kwa vidole.
Alipofika tisa akanivua kofia:

shamba la mihogo limesimama wima dirishani
kama mkeka ulioanikwa ukutani.

"Mwenye macho haambiwi tazama," akasema,
akiirudisha ndege mahali pake kwa vidole viwili.
"Aliyesema hivyo hakuwahi kupita juu ya Newala mwezi wa saba."

Na ile ilikuwa kofia tu. Kofia huvuliwa.
Ukungu unaopanda kutoka bonde la Ruvuma
nani ataushika ukingo auvue?

Nimeikata HAPANA. Sikuandika NDIYO.
Nimeandika, kwa bluu safari hii:
Saa kumi zikae. Ila panaposema "mwanafunzi ataruka"
paongezwe "na mwalimu ataletwa".
Chombo kiwekwe Mtwara, chumba kimoja kinatosha,
kile cha uwanjani kinachotunza mifagio.
Na kifungu cha kumi na moja kiandikwe upya:
nimekisoma mara nne, nikiwa chini, nikiwa nimekaa,
na bado sijajua kinanikataza nini.

Nimetuma. Mama amepiga simu, anauliza bei ya salfa.
Sikumwambia kuhusu magunia kumi na mawili na nusu.

Usiku ghalani, kwenye kiti chenye mguu mfupi,
nafumba macho na kujiuliza kama nimekaa sawa.
Sikio linasema ndiyo.
Sikio, kama kawaida yake, lina hakika.