Kadi ya Ishirini na Tatu

Tulibandika hadithi ukutani
katika posta iliyofungwa ya Lieksa,
mashariki ya Ufini, Februari, theluji imepanda hadi madirishani.
Kadi arobaini. Nyekundu: hapa waogope.
Nyeupe: hapa wacheke.
Za njano hazikuwa na maana, zilikuja tu na pakiti.

Veikka, mwongozaji, fundi bomba siku za kazi,
alisema filamu ni bomba la maji ya moto,
ukilibana huku litapasukia kule.
Ndiyo maana kadi ya tatu tuliweka ndoo.
Ndoo ya bati, kando ya mlango wa sauna, basi.
Mtazamaji aione, aisahau,
mpaka kadi ya thelathini na sita
mzuka aitumbukize mguu, apigwe mwereka,
na kijiji kizima kiokolewe na ndoo.

Mlango wa jikoni nao ulie mara tatu.
Mara ya kwanza ni paka: wanacheka.
Mara ya pili ni paka yule yule: wanacheka kabla haujafunguka.
Mara ya tatu paka yuko mapajani mwa Orvokki,
karani wa mwisho wa posta ile, anakoroma,
na mlango unalia.

Fedha: yuro elfu moja na mia nane.
Damu tuliichemsha kwa beri za msituni na unga wa viazi.
Chururu si ndondondo, na yetu ilikuwa ndondondo:
tone moja kwa kila marehemu,
naye marehemu alijifuta, akaja kutushikia taa.

Siku ya saba kadi ya ishirini na tatu haikuonekana.
Tulitafuta nyuma ya jiko, ndani ya buti za Taneli.
Ishirini na mbili: mzuka anaingia.
Ishirini na nne: asubuhi, kahawa.
Katikati, alama ya gundi.
Mimi niliyeiandika sikukumbuka hata herufi.
"Washa," Veikka akasema. "Kamera tunairudisha saa tisa."

Taneli, dereva wa gari la kukwangua theluji
(mwigizaji wa kweli alishikwa na matumbwitumbwi),
akaingia na shuka. Shuka ikanasa kwenye kitasa.
Akavuta; tundu la jicho likahamia sikioni.
Hapo Orvokki alipaswa kupiga yowe.
Hakupiga. Alimtazama yule mtu mweupe
anayepapasa ukuta wa jikoni kwake,
akasema, wala halikuandikwa popote:
"Umechelewa, Aulis. Chakula kimepoa."

Aulis alikwenda kuvua kwenye barafu, Machi, miaka kumi na mmoja nyuma.
Sote tulijua. Taneli alijua.
Taneli si mwigizaji. Alisimama.
Kisha, kutoka ndani ya shuka:
"Gari lilikwama."
Akavutiwa kiti.
Akakaa juu ya mkia wa paka.

Lile yowe mnalolisikia kwenye filamu ni la Taneli, na ni la kweli.

Ukumbi wa zimamoto ulijaa, watu hamsini na wawili.
Kila kadi nyekundu walicheka.
Kwenye nyeupe walikohoa.
Mahali pa ile iliyopotea nilisikia mtu akiacha kutafuna.
Na ndoo? Tulimkumbusha Taneli ndoo, ndoo, ndoo,
mwisho akairuka kama mbuzi.
Ipo hadi leo kwenye picha ya mwisho, wima, kavu, inasubiri.
Kijiji kiliokolewaje, sijui; majina yalianza kupanda.

Mei, theluji ilipoyeyuka, Orvokki aliikuta kadi
chini ya bakuli la paka.
Ya njano.
Mwandiko ni wangu:
hapa patokee kitu.