Gololi Iliyobaki

Kadi ya Bombo imekunjwa mara nne,
imelala mfuko wa shati, ubavuni mwa spana namba kumi.
Baba hajaifungua tangu Jumanne.
Neno lililomo ni refu mno, amesema,
na ugonjwa wenye jina refu hivyo
hauji peke yake, unakuja na ukoo mzima.

Mimi nasoma jioni, Chumbageni,
juu ya duka la vitenge,
wanafunzi kumi na mmoja na feni isiyozunguka.
Bi Mwantumu Shekue hatupi maneno ya kukariri.
Anatupa vipande.
Hiki cha Wagiriki, hiki cha Walatini,
tele ni mbali, grafu ni kuandika, fobia ni hofu.
"Wenyewe walishakufa," husema,
"sufuria zao bado tunapikia."

Nikalewa.
Nilipita barabara ya kumi na nne nikivunja kila nilichokiona.
Baiskeli: bai ni mbili, sikeli ni duara.
Miaka thelathini baba anafungua maduara mawili mawili
wala hakuna aliyemwambia
kwamba mkono wa kushoto ameshika Kilatini
na wa kulia Kigiriki,
vyote vimelowa grisi.
Hata pedeli, baba! Ped ni mguu!
Akasema, nipe bisibisi.

Kwa kiburi hicho hicho nilimpeleka hospitali.
Mlangoni kibao: Pediatrics.
Ped, nikasema, miguu. Ni hapa. Kaa.
Tukakaa saa nzima, yeye na magoti yake,
kati ya kina mama na vichanga vinavyolia,
mpaka muuguzi akauliza mtoto yuko wapi.
Baba akaninyooshea kidole.
"Huyu. Ana miaka ishirini na sita.
Kinachomsumbua ni kusoma."

Kesho yake Bi Mwantumu alicheka hadi akavua miwani.
Ped ya Kilatini ni mguu,
ped hii ya Kigiriki ni mtoto,
hawajuani hata kwa salamu.
"Wewe Mswahili umesahau?
Paa wa porini hakai juu ya paa la nyumba,
na ndege akipaa hamfuati hata mmoja wao."

Leo usiku, kibandani, taa ya chaji.
Baba amefungua habu ya gurudumu la nyuma,
gololi zimelala kwenye kopo la Kimbo, ndani ya mafuta ya taa.
Hakuniangalia.
"Haya, lilete hilo neno."

Nikaliandika sakafuni kwa chaki: osteoarthritis.
Nikalifungua kama alivyonifundisha kufungua mnyororo,
bila kulazimisha.
Oste, mfupa.
Arthr, kiungo.
Itis, uvimbe wenye moto.

Akalitazama lilivyotawanyika.
"Mfupa, kiungo, moto. Basi ni magoti."
"Ni magoti."
"Niliwaambia ni magoti.
Nimelipa elfu kumi waje waniambie ni magoti."

Kisha akainama, akagusa chaki kwa kidole cheusi.
"Na hii o hapa katikati umeiruka."
Haina maana yake, nikamwambia,
imewekwa ili vipande visigongane.
"Ahaa. Grisi."
Akanyamaza kidogo.
"Ndiyo iliyoniishia mimi."

Sikuwa na kipande cha kumjibu,
si cha Wagiriki, si chetu.

Akarudisha gololi mojamoja, akakaza, akazungusha gurudumu.
Likaimba vizuri.
Kwenye kopo ikabaki moja, inang'aa.

Fundi mwingine angeitia mfukoni.
Baba akashika ukingo wa meza,
akayashusha magoti polepole,
mfupa, kiungo, moto,
akaanza kufungua upya.