Barafu Yenye Harufu ya Changu

Somo la maji tulisoma Jumanne, saa nane mchana,
Malindi yote imelala, bati linaalika kwa jua.
Daktari Mbwarali alitaka maji "baridi ya kuumiza jino",
na bomba la chuo likatoa maji ya uvuguvugu, yana chumvi,
kama chai aliyoisahau mgonjwa.
Tukachanga shilingi ishirini ishirini,
Nyevu akatumwa kwa wauza samaki,
akarudi na gunia la barafu kichwani,
magamba yamemganda shingoni.
Tukamzungushia Chengo shuka lililolowa, kifuani mpaka nyonga.
Akatetemeka, kisha akapata joto, kama kitabu kilivyosema.
Kitabu hakikusema
kwamba angenuka changu mpaka Ijumaa.

Kwetu Ganze wanasema
binti amekwenda mjini kulipia majani,
na majani huku yanaliwa na mbuzi bure.
Mama huniuliza kwa simu nasoma nini hasa.
Lishe, namjibu. Ukandaji. Mifupa.
Simwambii karo nimelipa nusu,
wala kwamba mifupa ishirini na saba ya mkono
nimeikariri juu ya mkono wa Bi Mwanasiti, mpishi wa bweni:
wa kushoto alinikabidhi mimi,
wa kulia ukaendelea kugeuza chapati.

Dawa za hatari hazinikai kichwani bila vina.
Nimejitungia, nazisema nikifua:

     Shubiri chunga kipimo, mimba huiporomosha,
     Tangawizi kwa kikomo, damu huifululisha,
     Nyonyo sitie mdomo, punje chache hukufisha,
     Usilolijua somo, sema "sijui", yatosha.

Kituo nilikiweka kwa ajili ya vina tu.

Alhamisi ni zamu yangu kwenye kliniki ya wanafunzi, Maweni.
Mgonjwa mmoja, saa nzima, fomu ya kurasa nne:
walalaje, watokwaje jasho, choo chako kina rangi gani.
Alikuja dereva wa tuktuk, jina lake Katana Ngumbao,
sukari mwaka wa sita,
sindano ameziacha wiki mbili, kuna mtu amemshauri mlonge.
Alijibu yote kwa adabu.
Mguu wa kulia aliuficha nyuma ya ule wa kushoto.

Nikasikia harufu.
Nikadhani ni ile barafu, imebaki kwenye koti langu.
Nikanusa mkono wa koti. Sabuni.

"Nipe majani, dadangu," akasema nilipoinama.
"Hospitali watakata. Ndiyo maana nimekuja kwenu."
Na majani nilikuwa nayo!
Asali, manjano, mwarobaini uliotwangwa,
ukurasa naujua, hata doa la chai lililo pembeni,
karatasi ya mtihani ingenipa tisa juu ya kumi.
Kidole kilikuwa cheusi kama kokwa la ukwaju.

"Sijui," nikasema.
Akanitazama kama mtu aliyepunjwa sokoni.
"Sijui kutibu hiki. Twende."

Aliendesha mwenyewe. Mimi nilikaa nyuma
na fomu yake mapajani, ukurasa wa tatu haujajazwa,
na kila alipokanyaga breki alivuta pumzi kwa meno,
nami nikavuta naye.

Saa nane ilikuwa mtihani wa mimea: trei ishirini, dakika moja kila trei.
Nilifika saa tisa kasoro robo. Mlango umefungwa.
Marudio Agosti, shilingi elfu mbili.
Daktari Mbwarali aliuliza wamekata vingapi.
Kimoja, nikamwambia, cha pili wanakingojea.
Akatikisa kichwa, akaandika kitu.
Zile elfu mbili hakuzifuta.

Usiku Nyevu huniletea majani ndani ya pakiti ya maziwa,
nifumbe macho, ninuse.
Kivumbasi. Mchaichai. Mkwamba, huo umekauka.
Jana akanipa moja lenye manyoya, chungu hata kwenye pua.
Nikalisugua, nikalirudia, nikaliweka ulimini kidogo, nikatema.
"Sijui."
"Hata mimi," akasema, "nimelichuma pale uani, kwenye ua wa choo,"
na tukacheka mpaka Bi Mwanasiti akagonga ukuta.