Barabara ya Sifuri

Nina daftari la makosa.
Si la alama; hilo analo mwalimu wa taaluma,
kwenye kabati la chuma lenye kufuli mbili.
Langu lina jalada la kahawia na doa la chai,
na ndani yake tarehe, jina, na neno kwa neno
alichosema mtoto kabla sijamsahihisha.

Tarehe tatu Machi. Sempombe, kidato cha pili:
"x ni sawa na x jumlisha moja?
Mwalimu, hapo hesabu imesema uongo."

Kompyuta kumi na moja, zinazowaka saba.
Moja kati ya hizo saba haitaki kuandika E;
watoto wameshazoea, wanaiazima kutoka neno jingine.

Siku hiyo nilikuwa nafundisha orodha.
Nikasema kama nilivyosema miaka sita:
kitu cha kwanza kinakaa namba sifuri,
ndivyo kompyuta inavyohesabu, shikeni hivyo.
Wakashika.
Mtihani ulipokuja, wakaachia.

Ndipo Mwanakombo Singano akasimama,
anarekebisha ushungi:
"Mwalimu, sisi tunakaa barabara ya kumi na tano,
shangazi yuko ya nane, duka la Mhando liko ya tatu.
Ngamiani nzima naijua kwa namba.
Barabara ya sifuri iko wapi?"

Darasa likaangua kicheko.
Nami nikacheka.
Hilo nimeliandika pia, kwa wino mwekundu,
upande wa makosa yangu.

Jioni nikakanyaga baiskeli kuteremka mitaa,
nahesabu kwa sauti kama mwehu:
nne, tatu, mbili, ya kwanza.
Mnyororo ukachomoka hapo hapo.
Nimeinama, vidole vina grisi,
nikajiuliza: mtu anayeanzia hapa
amevuka barabara ngapi?

Kesho yake tukatoka nje na chaki.
"Simama ya kwanza. Umevuka ngapi?"
"Hata moja."
"Na ukifika ya kumi na tano?"
Kimya. Midomo inahesabu.
"Kumi na nne," akasema Mwanakombo, polepole,
kisha kwa hasira kidogo:
"Kumbe ya sifuri ndiyo ya kwanza!
Sisi tunahesabu mitaa, yenyewe inahesabu mwendo."

Ningeishia hapo, lingekuwa shairi zuri.
Lakini nasomea shahada,
na msimamizi wangu, Dokta Kihiyo,
hashibi hadithi, anataka takwimu.

Basi mkondo A nikawapa mitaa ya chaki,
mkondo B nikawaachia kitabu.
Wiki ya kwanza A waling'ara.
Wiki ya nne tofauti ilikuwa imeyeyuka
kama barafu ya ukwaju mkononi mwa mtoto.
Na A walikuwa na kosa jipya:
ukiwauliza orodha ina vitu vingapi,
wanataja pungufu ya moja.
Kosa hilo hawakuja nalo kutoka nyumbani.
Niliwafundisha mimi, kwa chaki, nikifurahi.

Halafu Hoza, wa mkondo B, anayesinzia dirishani,
hakukosa hata swali.
Nikamwita.
"Baba ni fundi cherehani," akasema.
"Futi haianzi na moja, mwalimu. Inaanzia ukingoni.
Moja ni mpaka uimalize."
"Mbona hukusema siku zote?"
"Hukuuliza."

Rasimu imerudi. Dokta ameandika pembeni:
Idadi ni ndogo. Hitimisho liko wapi?
Sijamjibu.

Jumatatu nitaingia na futi ya nguo, ya njano,
iliyofutika kati ya arobaini na hamsini.
Ncha moja nitampa Mwanakombo, nyingine Hoza,
nami nitakaa dawati la nyuma, kalamu wazi,
nisikie watakavyokosea.