Yasiyoingia Kwenye Muhtasari

Tulikuwa kumi na tisa juu ya toyo mbili,
mimi katibu, kaunta buku kwapani.
Niliandika: Usoke, Jumanne, saa tatu asubuhi,
ziara ya mafunzo, kikundi cha wakulima wa tumbaku,
mwenyeji wetu Nyamizi Kasanda,
ng'ombe wa maziwa wawili, ndama mmoja,
mbuzi kumi na mmoja.
Hayo yamo.

Haimo harufu.
Mkojo, pumba iliyolowa, maziwa yaliyochacha ukutani,
na Salawa mweka hazina aliyeziba pua kwa kanga
mpaka Nyamizi akamwambia,
"Mama, unayoinusa hapo ni ada ya shule."
Tukacheka. Salawa akaishusha kanga,
nusu.

Haimo namna alivyotupanga langoni
tukanyage beseni la dawa, mmoja mmoja,
ndala, viatu vya kanisani, buti za Mihayo zenye tundu,
tukiinua nguo kama watu wanaovuka mto
wakati maji yenyewe hayafiki kwenye fundo la mguu.

Lugembe ndiye aliyeuliza swali tuliloagizwa:
faida, kwa mwezi, shilingi ngapi?
Nyamizi akahesabu kwa vidole.
Mashudu. Chumvi ya jiwe. Dawa ya kupe.
Sindano ya ndigana.
Bwana mifugo, na mafuta ya pikipiki ya bwana mifugo.
Vidole vya mkono mmoja vikaisha, akahamia wa pili,
kisha akaelekeza kwa kidevu nyuma ya banda
pale udongo ulipokuwa bado mbichi.
"Na yule. Alizaliwa Ijumaa. Jumapili hakuamka."

Nikaandika: Changamoto, vifo vya ndama.
Vifo, herufi nne.
Shimo lenyewe lilikuwa na urefu wa mkono wangu
kutoka begani mpaka kwenye kalamu.

Mama wa yule ndama anaitwa Pili.
Alinunuliwa kwa malipo ya pili ya tumbaku,
yale yale ambayo sisi, msimu umeisha,
bado tunaambiwa yako njiani.
Alikuwa amecheleweshewa kukamuliwa kwa ajili yetu,
kiwele kimejaa, kinang'aa,
anageuza shingo kuelekea nyuma ya banda
na kulia, si kwa sauti kubwa,
kama mtu anayeita jirani wakati hataki kumwamsha.

Salawa alijaribu, akapata matone.
Mihayo alijaribu.
Nilipoinama mimi, Pili aliruka,
ndoo ikaenda hadi kwenye miguu ya Lugembe.
Nyamizi akashika vidole vyangu, akavinusa
bila kuomba ruhusa.
"Wewe umetoka kwenye bani."

Ndiyo. Usiku kucha nilifunga majani kwenye fito,
na ile gundi nyeusi ya jani bichi
haijali sabuni ya mche wala jivu.
Aibu ilinipata, sijui kwa nini, mbele ya ng'ombe.
"Mimi pia alinikataa," Nyamizi akasema.
"Miezi minne nilivaa mikono ya mtoto wangu."
Alimaanisha kwamba mtoto ndiye aliyekamua.
Mimi nililisikia vile alivyolisema
na nimebaki nalo hivyo.

Akanipaka mafuta ya mgando, akafunika viganja vyangu kwa vyake,
akaanza kuvuta, taratibu, juu kuja chini.
Cwii, chini ya ndoo.
Cwii.
Pili akahema, akauachia mgongo.
Sikuvuta mimi, lakini joto nililisikia mimi.

Kwenye toyo walibishana njia nzima.
Mkopo. Mbuzi kwanza au ng'ombe kwanza.
Nani atakata majani kiangazi.
Nikaandika: Suala lijadiliwe kikao kijacho.
Nikatia sahihi.

Usiku bani lilitaka kuni.
Nilikwenda na tochi, nikasukuma gogo la mninga ndani ya tanuri,
nikakaa nje kusubiri moto ushike.
Kabla ya kuugusa ufito wa kwanza
nilinusa vidole.
Nikaviweka mapajani
kwa muda, gogo likilia lenyewe.